Mnyororo Mrefu Hadi Dandora

Mtungi wa maji Kayole, beseni la kufulia Umoja, kiti cha kibandani Buruburu: vyote plastiki. Jamaa aliyetuelezea plastiki ni kitu gani hasa anaitwa Hermann Staudinger, mwanakemia Mjerumani aliyezaliwa Worms mwaka 1881.

Enzi zake mpira ulikuwa biashara kubwa na plastiki za kwanza zilishaingia sokoni, lakini wataalamu walibishana zimeundwaje. Wengi waliamini ni molekuli ndogondogo zilizosongamana tu, kama abiria kwenye mathree: mnabanana, lakini mkifika steji kila mtu na njia yake. Mwaka 1920, akifundisha Zürich, Staudinger akakataa. Alisema zimeungana kabisa, maelfu kwa maelfu, kama watoto wa nasari wanaovuka Outering wameshikana mikono. Mnyororo mmoja mrefu.

Wakubwa wa kemia hawakumwamini. Heinrich Wieland alimshauri aachane na hayo mambo ya molekuli kubwa. Wapi! Staudinger hakuwa mtu wa kuyumba. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia alipinga waziwazi gesi ya sumu, huku Mjerumani mwenzake Fritz Haber akiongoza utengenezaji wake. Wanazi waliposhika serikali, msimamo huo ulifukuliwa. Mwaka 1934 mwanafalsafa Martin Heidegger, mkuu wa Chuo Kikuu cha Freiburg, alipendekeza afutwe kazi. Aliponea. Tuzo ya Nobel ilimfikia 1953, akiwa na miaka 72.

Sasa cheki upande wa pili. Mnyororo ule ule unaofanya mtungi uanguke usipasuke ndio unaoufanya usioze. Vijidudu vya udongoni humaliza ganda la ndizi kwa wiki chache; plastiki vinaishindwa. Jaa la Dandora lilifunguliwa 1975, likatangazwa limejaa 2001, na malori bado yanamwaga. Agosti 28, 2017, Kenya ilipiga marufuku juala, faini hadi shilingi milioni 4. Chupa na mitungi ikabaki.

Gesi ya sumu ilikuwa silaha tangu siku ya kwanza, ndiyo maana Staudinger aliweza kuipinga mapema. Plastiki ilikuja kama msaada, na bado ni msaada: mfereji ukikauka Kayole, bila mtungi utachotea nini? Ubaya wake huonekana baadaye, mbali na duka ulikonunua. Unamfikia anayeishi kando ya jaa, anayevuta moshi wa vitu ambavyo vingi hakuwahi kuvitumia.