Rpmbuild

Rpmbuild ni saraka ya binafsi ambamo mtumiaji wa Linux za ukoo wa Red Hat na Fedora huunda vifurushi vya programu vya aina ya RPM pasipo kuhitaji mamlaka ya root, yaani mtumiaji mkuu. Hapo awali kazi hiyo ilikuwa desturi kufanywa katika /usr/src/redhat, mahali pasipoandikika ila kwa idhini ya root. Na hatari haikuwa haba, kwani amri moja ya kufuta iliyokosewa katika faili ya maelekezo yaweza, kwa mkono wa root, kuuangamiza mfumo mzima, ilhali mtumiaji wa kawaida huharibu vyake tu. Ndani ya rpmbuild mna SOURCES, ihifadhiyo msimbo asilia na viraka; SPECS, ya maelekezo; BUILD, karakana yenyewe; na RPMS na SRPMS, zipokeazo matokeo. Amri rpmdev-setuptree huziumba zote kwa mkupuo. Apendaye mahali pengine huandika katika faili ~/.rpmmacros mstari huu:

%_topdir %(echo $HOME)/ujenzi

Nukta iliyo mwanzoni mwa jina la faili isisahauliwe: bila hiyo, rpm haiisomi.