Uwezo wa Saa za Msongamano

Mfasiri mwenye haraka anayekutana na "peak capacity" angeandika "uwezo wa kilele" na kuendelea na kazi. Tatizo ni kwamba kilele humfanya msomaji afikirie kiwango cha juu kabisa ambacho treni inaweza kubeba, ilhali wataalamu wa reli za vitongojini wanazungumzia saa: ile ya asubuhi watu wanapoingia mjini, na ile ya jioni wanaporudi. Wanachopima ni idadi ya abiria ambao njia inaweza kuwapitisha mahali pamoja, kuelekea upande mmoja, kwa saa moja. Upande mmoja ni lazima, kwani asubuhi treni zinazotoka mjini huenda karibu tupu, na ukizihesabu nazo unajidanganya. Kwa hiyo napendekeza "uwezo wa saa za msongamano". Ni ndefu, lakini abiria wa Mbagala au wa Githurai ataielewa bila kamusi.

Kipimo chenyewe ni hesabu ya kuzidisha: treni zinazopita kwa saa, mara abiria wa treni moja. Idadi ya treni hutegemea kipimo kingine, "headway" kwa Kiingereza, ambacho wengine wangekiita "nafasi kati ya treni". Istilahi hiyo siipendi, maana nafasi ndani ya treni ni kiti. "Muda wa kuachana" unatosha: tangu treni moja ipite mpaka inayoifuata ifike palepale.

Njia A ya reli ya mkoa wa Paris, RER, inaonyesha jinsi maneno haya yanavyofanya kazi. Katika miaka ya 1980 treni zake ziliachana kwa sekunde 150 katikati ya jiji, yaani treni 24 kwa saa. Mwaka 1989 ukaanza kutumika mfumo wa ishara uitwao SACEM, unaompa dereva mwendo anaoruhusiwa kwenye dashibodi yake na kuiruhusu treni ya nyuma isogee karibu zaidi na ya mbele. Muda wa kuachana ukashuka hadi sekunde 120. Hizo ni treni 30, sita zaidi, bila kutandika reli mpya hata mita moja.

Kwenye karatasi, lakini. Mara nyingi idadi halisi ilikuwa chini ya hapo, kwa sababu ya vituo vikubwa kama Châtelet–Les Halles, ambako watu wanashuka wengi na kupanda wengi kwa wakati mmoja. Treni ikichelewa kufunga milango, ya nyuma yake husubiri nje ya kituo, na ya tatu vilevile. Muda wa kusimama kituoni ndio unaoamua, hata ishara ziwe za kisasa namna gani. Ndiyo maana treni za ghorofa mbili, ambazo sasa zimeenea njia nzima na hubeba takriban watu 2,600 kila moja zikiwa ndefu, ziliwekewa milango mitatu mipana kila upande wa behewa. Ghorofa bila milango ya kutosha huongeza abiria kwenye ngazi tu, na kinachopatikana kwenye viti hupotea jukwaani.

Badala ya ghorofa, Mumbai walichagua zaidi urefu: mabehewa 9 yakawa 12, na baadhi ya treni 15. Hapo gharama kubwa huwa ni kurefusha majukwaa.

Treni za abiria za Dar es Salaam zilizoanza Oktoba 2012, zile ambazo wenyeji waliziita "treni ya Mwakyembe" kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilipita kwenye reli moja ya zamani. Huko muda wa kuachana hausemi yote. Inayokwenda na inayorudi hutumia reli ileile, hivyo moja hulazimika kungoja nyingine mahali pa kupishana, na kinachobana idadi ya treni ni mwendo wa kutoka kipishano kimoja hadi kingine. Ishara za Paris zisingeleta treni sita za ziada hapo. Reli ya pili ingeleta.