Mhunzi alikuwa na jiwe, mchomeleaji anataka meza

Geti likikataa kufungwa, mwenye nyumba humlaumu fundi, fundi huilaumu mashine, na mashine haina mdomo wa kujitetea. Nasema hivyo kwa sababu ya barua iliyofika mezani kwangu kutoka Ibaba, wilayani Ileje, mkoani Songwe. Mwandishi wake ni kijana aliyejifunza kuchomelea vyuma Tunduma, akarudi kwao na mashine moja, akafungua kazi katika banda lililo ubavuni mwa nyumba yake. Anafanyia kazi chini, juu ya udongo. Mageti yake yanapinda, madirisha yanayumba, na mteja mmoja amegoma kumalizia malipo. Anauliza maswali mawili. La kwanza, ataipataje meza ya chuma iliyonyooka wakati fedha hana? La pili ndilo lililonifanya niichukue barua hii kwa mazungumzo ya juma hili: mbona wazee wetu wa huku walifua vyuma karne kwa karne na hatusikii kwamba walikuwa na meza?

Swali hilo la pili ni la historia, basi tuanze nalo.

Nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa, Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika ilikuwa nchi ya chuma kabla Mzungu hajaikanyaga. Wafipa walijenga matanuri ya udongo yaliyomzidi mtu kimo, mengine yakikaribia mita tatu, yenye matundu chini ya kuvuta upepo yenyewe bila mivukuto. Humo waliyeyusha mawe ya chuma kwa makaa, kisha wakalisafisha donge lililopatikana katika tanuri dogo zaidi, na hapo mivukuto ikatumika. Wanyiha wa Mbozi nao walikuwa mafundi wa kazi hiyo, na mwaka 1965 habari za matanuri yao zilichapishwa na watafiti waliokwenda kuwauliza wazee. Mtaalamu wetu wa mambo ya kale, Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitumia miaka mingi kuchimbua mabaki ya kazi hiyo huko Ufipa. Kwa hiyo anayedhani kwamba ufundi wa chuma uliingia nchini ndani ya kontena, asome kwanza.

Jambo la kushangaza ni kwamba Mbozi hiyohiyo ina chuma kilichokuja chenyewe kutoka mbinguni. Kimondo cha Mbozi, kilichotangazwa kwa ulimwengu mwaka 1930, kina urefu wa mita tatu hivi, na uzito wake unakadiriwa kuwa kati ya tani 12 na 16. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi zake ni chuma, na kinachobaki karibu chote ni nikeli. Wazee hawakukingoja kimondo. Walichimba udongo wao, wakakata kuni zao, wakapata jembe.

Sasa jembe hilo lilifuliwa juu ya nini? Juu ya jiwe. Jiwe gumu lilikuwa fuawe, na mara nyingi jiwe jingine lilikuwa nyundo. Hapo ndipo lilipo jibu la kijana wetu. Jembe ni kitu kimoja. Mhunzi alikipasha moto, akakigonga, akakitazama kwa jicho, akakigonga tena. Kama upande mmoja ulizidi mwingine kwa upana wa unyasi, mahindi hayakulalamika. Jembe halikutakiwa kuingia ndani ya kitu kingine na kukaa sawasawa. Geti linatakiwa. Geti lina vipande kumi au ishirini, na kila kipande kina lazima ya kukubaliana na jirani yake, na vyote kwa pamoja vikubaliane na nguzo zilizojengwa na fundi mwingine ambaye huenda hata hawajaonana. Mhunzi alihitaji kitu kigumu chini ya nyundo yake, lakini mchomeleaji asipokuwa na kitu kilichonyooka hawezi kuanza.

Mfano mzuri wa hilo tunao Kigoma. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Iliunganishwa kule, ikafunguliwa tena, vipande vikapakiwa katika masanduku elfu kadhaa, vikaja kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, na huko vikaunganishwa upya kwa ribiti. Mwaka 1915 meli ikaelea. Ribiti si kitu cha kubembelezwa: tundu la bamba hili lisipolingana na tundu la bamba lile, haipiti. Kwamba maelfu ya matundu yalilingana baada ya safari ya bahari na bara kunatokana na sakafu na vipimo vya kiwanda kile cha Papenburg. Wafanyakazi wa Kigoma, wakiwemo Waafrika wengi ambao majina yao hayakuandikwa, walimalizia kazi ambayo unyoofu wake ulikuwa umeshaamuliwa kule ilikotoka.

Na Wazungu wenyewe waliupata wapi unyoofu huo? Hawakuzaliwa nao. Mwaka 1840, mjini Glasgow, fundi Mwingereza Joseph Whitworth aliwaeleza wasomi namna ya kupata bamba lililonyooka kweli bila kuwa na bamba jingine lililonyooka la kupimia. Siri ilikuwa namba tatu. Ukiwa na mabamba mawili tu, ukayasugua na kuyakwangua mpaka yakakutana, unaweza kujidanganya, kwa kuwa moja laweza kubonyea kama sahani na jingine likavimba kama mgongo wa kobe, na bado yakakutana vizuri kabisa. Lete la tatu. Likikutana na la kwanza, likakutana na la pili, na hayo mawili yakakutana, basi hakuna pa kujificha. Yote matatu yamenyooka. Mashine nyingi za viwanda zilizokuja baadaye zilitegemea unyoofu uliopatikana kwa jasho la mikono namna hiyo. Mimi hupenda kisa hiki kwa kuwa hakina umeme wala mtaji mkubwa ndani yake. Kina subira.

Kuchomelea kwa umeme kulikuja baadaye. Miaka ya 1880 Nikolai Benardos, aliyetoka katika dola ya Urusi, alionyesha kwamba cheche ya umeme inaweza kuunganisha vyuma, na mwanzoni mwa karne ya 20 Oscar Kjellberg wa Sweden akavipaka vijiti vya kuchomelea utando unaoulinda mshono. Vijiti anavyonunua fundi wa Tunduma leo ni wajukuu wa vile.

Katika pembe yetu hii kazi hiyo ilionekana kwa ukubwa baada ya Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao na Zambia ikabanwa njia za kusini. Mafuta yakaanza kupelekwa Zambia kwa malori kupitia Iringa, Mbeya na Tunduma, katika barabara ya vumbi iliyomeza magari mengi hata madereva wakaiita njia ya jehanamu. Mwaka 1968 likakamilika bomba la TAZAMA, zaidi ya kilomita 1,700 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, mabomba ya chuma yaliyochomelewa kipande kwa kipande. Kisha ikaja reli ya TAZARA. Ujenzi ulianza 1970, reli ikavuka mpaka pale Tunduma mwaka 1973, na mwaka 1976 kilomita zote 1,860 zikakabidhiwa kwa wenyewe. Tangu hapo chuma hakikuwa tena kitu cha kuchimba. Kilikuwa kando ya barabara: springi za malori, chesisi, ringi, mabaki ya kila namna.

Kumbe wakati huo wahunzi walikuwa wamekwisha kupigwa. Majembe ya kiwandani yaliyoagizwa kutoka Ulaya wakati wa ukoloni yaliuzwa kwa bei ambayo tanuri la udongo halikuiweza, na moto wa Ufipa na Unyiha ukazimika. Baada ya uhuru tulijaribu kuuwasha kwa njia nyingine. Kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo kilijengwa kwa msaada wa China, Mbeya ikapata chake cha ZZK, SIDO ikaundwa kwa sheria mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na Kilimanjaro kikajengwa kiwanda cha mashine za kutengenezea mashine. Wazo la hicho cha mwisho lilikuwa sahihi kabisa, na sioni aibu kulisema hata kama kiwanda chenyewe kilikuja kulala usingizi mrefu. Nchi isiyotengeneza vyombo vya kupimia na kunyooshea itaendelea kuagiza unyoofu kutoka nje kama inavyoagiza mafuta. Ubinafsishaji ulipoingia, kazi ya chuma ikabaki kwa vijana wa mabanda, kuanzia Gerezani, Dar es Salaam, hadi Kamukunji, Nairobi, ambako wenzetu wanaiita jua kali. Vijana hao wana moto na wana chuma. Mezani ndipo wanapokwama.

Turudi basi kwenye meza.

Fundi wengi wakisikia meza hufikiria bamba zito. Bamba la unene wa milimita 10, urefu mita 1.2 na upana sentimita 65, lina uzito wa kilo 61 hivi, na chuma huuzwa kwa uzito. Lakini chukua bomba moja la pembe nne la milimita 50, unene milimita 3, refu mita 6. Likate mara tano. Vipande vitano vikilazwa sambamba, ukiacha nafasi ya sentimita 10 kati ya kimoja na kingine, vinakupa uso uleule kwa kilo 26 tu. Zile nafasi si hasara. Kupitia hapo utabana kazi kwa klampu, na taka za moto zitaanguka chini.

Chagua mabomba kwa macho kabla ya kulipa. Muuzaji akinuna, mwache anune. Ukishakata, tumia akili ya Whitworth: weka kipande cha kwanza juu ya cha pili, tochi ikiwaka nyuma yake, utazame mwanga unapopenya. Kisha cha pili na cha tatu, na cha tatu na cha kwanza. Vinavyokubaliana vyote vitatu ndivyo viwe kipimo cha vingine.

Chini yake weka vyuma viwili vya kukingama, vyenye miguu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanachomelea kila kitu kwa mkupuo mmoja, na mshono ukipoa unasinyaa na kuvuta chuma upande wake. Chuma cha mita moja kikipata joto la ziada la nyuzi 100 hurefuka kwa zaidi ya milimita moja, na kikipoa bila usawa hakirudi kilivyokuwa. Kwa hiyo fremu ya chini ichomelewe kidogo kidogo, pembe hii kisha pembe ya mkabala, ukipumzika katikati. Yale mabomba matano ya juu usiyachomelee kabisa. Yafunge kwa boliti kutokea chini. Palipo na bonde, ingiza kipande cha bati chembamba kati ya bomba na fremu, kaza, pima, ongeza au punguza. Meza ya boliti inasahihishika. Iliyochomelewa ikipinda, umepata kitanda.

Kupima usinunue chombo cha bei. Chukua mshipi wa kuvulia samaki, vuta mmoja kutoka pembe hadi pembe, na mwingine katika pembe mbili zilizobaki. Katikati mishipi igusane bila kusukumana. Badilisha, wa chini uwe wa juu, upime tena. Ikigusana mara zote mbili, pembe nne za meza hazijajipinda. Pima maji nayo ni nzuri, ila ieleweke kwamba kunyooka si kulala sawa na maji. Meza inaweza kuinama kidogo kuelekea mlangoni na bado ikatoa geti zuri, mradi uso wake ni mmoja. Kwenye sakafu ya udongo, weka boliti ndefu na nati katika kila mguu ili urekebishe mvua zikilainisha ardhi.

Mawili ya tahadhari kabla sijaweka kalamu chini. Mapipa na matangi yaliyobeba mafuta, ambayo hayakosekani katika mji wa malori kama Tunduma, yasichomelewe kwa kuwa tu yanaonekana makavu. Mvuke uliobaki ndani hulipuka. Pili, ni hili la chuma chakavu. Kipande cha reli ni fuawe bora kuliko jiwe lolote, na kuna watu watakuletea usiku kwa bei ya kutupa. Reli ya TAZARA inaibwa, na alama za barabarani na kingo za madaraja nazo zinaibwa. Nunua mchana, kwa muuzaji mwenye leseni, udai risiti yenye uzito na tarehe, uitunze bandani pamoja na ile ya mashine. Polisi akija kuulizia chuma hicho, risiti ndiyo atakayotaka kuiona.