Ukusanyaji wa Santuri za Muziki wa Klasiki: Historia ya Tatizo la Uteuzi

Makala haya yanakusudia kulichunguza, kwa njia ya historia, tatizo ambalo wasomi wa lugha wamekwisha kukutana nalo katika uwanja wao wenyewe. Mtu anayeuhariri utenzi wa kale hukuta nuskha nne au tano zinazohitilafiana, naye hana budi kuamua ipi aifuate na kwa ushahidi gani. Mkusanyaji wa santuri za muziki wa klasiki wa Ulaya yuko katika hali iliyo ndugu na hiyo. Simfoni ya tano ya Beethoven ni moja, lakini zilizonaswa na kuuzwa zinahesabika kwa mamia. Achukue ipi? Na anayemwambia kuwa hii ni bora kuliko ile amelijuaje hilo?

Yafaa kukumbusha kwamba neno santuri lenyewe, kwa asili yake, lilikuwa jina la ala ya nyuzi itumikayo Uajemi na nchi za Kiarabu. Katika Kiswahili jina hilo lilihamia kwenye mashine ya sauti, kisha likaihamia sahani yenyewe. Hapa tutalitumia kwa maana hii ya mwisho.

Mwanzoni hapakuwa na uteuzi wa kusema. Mnamo Aprili 1902 Fred Gaisberg, mnasa sauti wa kampuni ya Gramophone, alimnasa Enrico Caruso katika hoteli mjini Milan, nyimbo kumi kwa malipo ya pauni 100. Mwimbaji aliimba mbele ya pembe ya bati, na nguvu ya sauti yake peke yake ndiyo iliyoisukuma sindano ichimbe mfereji katika nta. Sauti ya mwanadamu ilivumilia njia hiyo, okestra haikuivumilia. Hata hivyo, mwezi wa Novemba 1913, Artur Nikisch aliiongoza okestra ya Berlin Philharmonic katika hiyo simfoni ya tano, ikajaza pande nane za santuri. Kila upande ulichukua dakika nne au zaidi kidogo, na msikilizaji alilazimika kuinuka katikati ya fikra ya mtungaji ili aigeuze sahani. Aliyekuwa nayo hakuuliza kama ni bora. Alishukuru kuwa nayo.

Mambo mawili yaliibadili hali hiyo katika mwongo uliofuata. La kwanza ni kuanzishwa kwa jarida la The Gramophone huko Uingereza mwaka 1923, kazi ya Compton Mackenzie, mwandishi wa riwaya. La pili ni maikrofoni, iliyoanza kutumika katika unasaji wa kibiashara mwaka 1925. Kwa ghafula fidla za chini na ngoma zikasikika, na santuri zote za zamani zikaonekana kuukuu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo alipozaliwa mkusanyaji wa kisasa. Alikuwa na jarida la kumwelekeza, na alikuwa na sababu ya kununua tena kile alichokwisha kununua.

Lakini jambo linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni mpango wa Walter Legge wa mwaka 1931. Legge alikuwa kijana katika kampuni hiyo hiyo ya Gramophone, ambayo mwaka ule iliungana na Columbia ya Uingereza kuwa EMI. Aliona kwamba kampuni haikuthubutu kunasa kazi zisizo na wanunuzi wa hakika, basi akaugeuza utaratibu: wanunuzi walipe kwanza, ndipo santuri zinaswe. Alianza na nyimbo za Hugo Wolf, akitaka watu 500 wajiandikishe. Walipatikana. Kwa mtindo huo huo Artur Schnabel alizinasa sonata zote 32 za Beethoven za piano, kati ya 1932 na 1935, katika studio ya Abbey Road mjini London. Hapakuwa na mtu aliyewahi kuzinasa zote kabla yake. Schnabel hakuipenda mashine, na mle ndani mna noti zilizokosewa ambazo hazikuweza kurekebishwa. Hata hivyo santuri hizo hazijawahi kukosa wanunuzi. Tukiulizana ubora ni nini, hapa pana jibu gumu: sauti ni duni, vidole vimeteleza, na bado watu wanazitafuta.

Msongamano wenyewe ulianza baada ya Vita Kuu ya Pili. Utepe wa sumaku uliifanya kazi ya unasaji kuwa rahisi na ya gharama ndogo, nayo santuri ya mwendo mrefu, yaani LP, iliyotolewa na Columbia ya Marekani mwezi wa Juni 1948, ilibeba zaidi ya dakika 20 kila upande. Kampuni ndogo kama Vox na Westminster zilikwenda Vienna, ambako wanamuziki walikuwa hodari na malipo yao madogo, zikajaza maduka. Majira Manne ya Vivaldi ni mfano mzuri. Kabla ya vita yalikuwa karibu hayajulikani. Louis Kaufman aliyanasa mjini New York mwishoni mwa 1947, I Musici wa Roma wakafuata mwaka 1955, na baada ya hapo mlango haukufungika tena. Herbert von Karajan peke yake alizinasa simfoni tisa za Beethoven mara nne katika studio, kutoka miaka ya 1950 hadi ya 1980. Hata aliyekwisha kumchagua kiongozi wake hakuwa amemaliza kuchagua.

Stereo ilipoingia madukani mwaka 1958 ilileta faida kubwa, pamoja na hila moja isiyopendeza. Kampuni kadhaa zilichukua santuri za zamani za sauti moja, zikazigawanya kwa mitambo na kuziuza kama stereo. Zilizoharibiwa kwa njia hiyo bado zipo katika maduka ya vitu vya mitumba, na mkusanyaji mwenye uzoefu huzipita.

Katika msongamano huo vitabu vya mwongozo vilikuwa haviepukiki. Edward Greenfield, Ivan March na wenzao walitoa wa kwanza mwaka 1960, na kuanzia 1975 miongozo yao ilichapishwa na Penguin, ikitoa nyota moja hadi tatu na ua la waridi kwa zile zilizowagusa zaidi. Vilikuwa vitabu vya manufaa, nisividharau. Ila vilimzoesha msomaji kusikiliza kwa macho: nyota ilitangulia, sikio likafuata. Sahani ya CD, iliyotoka Japani mwaka 1982, iliongeza wingi juu ya wingi. Mwaka 1987 Klaus Heymann alianzisha Naxos huko Hong Kong. Alitumia okestra za Ulaya ya Mashariki kwa malipo ya mara moja, akauza kwa bei ya chini na kushika kanuni ya kunasa kila kazi mara moja tu. Wenye nyota walimcheka, kisha wakaanza kumpa nyota.

Visa viwili vilivutikisa vyeo hivi vya ubora. Katika miaka ya 1960 ilitolewa santuri ya konchato ya kwanza ya Chopin iliyosemwa kuwa ya Dinu Lipatti, mpigaji piano aliyefariki mwaka 1950 akiwa bado kijana. Ilisifiwa miaka mingi. Mwaka 1981, baada ya kutangazwa redioni, ilibainika kuwa ni ya Halina Czerny-Stefańska wa Poland. Hilo lilikuwa kosa tu. La pili halikuwa kosa. Joyce Hatto, Mwingereza ambaye hakuwa amepiga piano hadharani kwa takriban miaka 30, alitolewa na kampuni ya mumewe katika sahani zaidi ya 100, na baadhi ya wahakiki walimhesabu miongoni mwa wapigaji wakubwa. Alifariki mwaka 2006. Mwezi wa Februari 2007 msikilizaji mmoja aliitia sahani yake ya Liszt katika kompyuta, nayo kompyuta ikaitambua kuwa ni ya László Simon. Uchunguzi ulionyesha kwamba sahani moja baada ya nyingine ilikuwa ya watu wengine, nyingine zikiwa zimebadilishwa mwendo kidogo ili zisitambulike. Mume alikiri.

Wengi waliwacheka wahakiki. Mimi naona kicheko hicho ni chepesi mno, kwa sababu muziki waliousifu ulikuwa mzuri kweli. Kilichowatia aibu ni kwamba wapigaji wenyewe walikuwapo sokoni kwa majina yao na hawakusifiwa kiasi hicho. Hadithi ya mgonjwa aliyesahauliwa ilisikika zaidi ya piano.

Tangu hapo wakusanyaji makini wamerudia desturi ya zamani, nayo ndiyo inayowakaribisha kwetu. Karibu na lebo ya santuri ya kale hupigwa namba ya matriki, pamoja na alama ya mara iliponaswa. Mwimbaji aliimba wimbo mara mbili au tatu. Kampuni ikachagua moja, na wakati mwingine ikauza nyingine baadaye kwa lebo ile ile na namba ile ile ya orodha. Hizo ni nuskha mbili, ingawa duka liliziita kitu kimoja.

Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kunasa nyimbo kwa chapa hiyo hiyo ya mbwa iliyokuja kuuza Beethoven ya Schnabel. Sahani zilikuwa za sheleki ile ile, mfereji ule ule. Hakuna mwongozo wa Penguin uliompa nyota, na santuri zake hazikuwa na wa kuzilinganisha. Ikiwa maneno ya wimbo katika santuri moja yanatofautiana na yale ya mwenziwe, mwanafunzi wa ushairi hawezi kujua kama ni wimbo uliobadilika au ni mara ya pili ya kunaswa siku ile ile, ila kwa kuisoma namba iliyo karibu na lebo. Lebo nyingi zimeliwa na unyevu wa pwani. Namba, kwa kuwa imechapwa katika sahani yenyewe, aghalabu bado inasomeka ukiielekeza kwenye mwanga.