Kibarua, msamaha wa kodi na kima cha chini: unalipwa kihalali?

Wadau, mwaka 2023 nilipiga kibarua cha kupakia mizigo hapa Musoma, saa 1 asubuhi mpaka 12 jioni, elfu 4 kwa siku. Bosi alisema kima cha chini ni cha waajiriwa, siyo vibarua. Nikaamini. Baadaye ndio nikakaa chini na kuisoma hii kitu.

Kumbe Amri ya Kima cha Chini inatolewa na waziri wa kazi chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, na viwango vyake vimeandikwa kwa saa, siku, wiki na mwezi. Kibarua yumo! Amri iliyoanza Januari 1, 2023 iliweka 150,000 kwa mwezi kwa sekta ya biashara na viwanda (2013 ilikuwa 115,000). Gawanya kwa siku 26 za kazi: kama 5,770. Halafu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inasema saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki, zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu. Pigeni hesabu wenyewe nilidhulumiwa kiasi gani.

Oktoba 2025 Serikali ikatangaza viwango vipya vya sekta binafsi kuanzia Januari 1, 2026: wastani kutoka 275,060 hadi 358,322. Angalia neno WASTANI. Kila sekta ina kiwango chake, na mfanyakazi wa ndani na mchimba madini hawalingani hata kidogo. Kwa hiyo swali la kwanza ni uko sekta gani, siyo redio imetaja shilingi ngapi.

Sasa hawa wanaobebwa na serikali. Sheria ya EPZ ya 2002 iliwapa wawekezaji wanaouza nje miaka 10 bila kodi ya mapato ya kampuni. Kima cha chini chao? Kile kile cha sekta, kama mwenye kiwanda asiyesamehewa kitu. Wenzetu Marekani walifunga mambo haya pamoja. Baltimore ilipitisha sheria mwaka 1994 kwa kampuni zenye tenda za jiji: dola 6.10 kwa saa kuanzia 1995, wakati kima cha nchi kilikuwa 4.25. Los Angeles 1997 ikaongeza na wanaopewa misaada mikubwa ya fedha na jiji: 7.25 ukiwekewa bima ya afya, 8.50 bila bima. Yaani ukila hela ya umma, lipa watu vizuri. Mimi naona ni haki tupu, na sioni kwa nini isiwezekane huku kwetu.

Manispaa zetu hazina hela za namna hiyo. Zina ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Sasa vijana wenzangu msijisahau: kikundi chenu kikikopa na kumwajiri dogo wa kuosha pikipiki, nyie ndio mabosi, na amri inawahusu.

Ukipunjwa, anza na afisa kazi. Ikishindikana peleka mgogoro CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ndani ya siku 60. Kama umefukuzwa kazi ni siku 30 tu. Mimi nilichelewa.