Kalamu ya Kale, Herufi za Treni

Katika vibao vya stesheni za reli ya chini ya ardhi jijini London, nukta ya herufi "i" ina pembe nne na imesimama kwa ncha, mfano wa uru kwenye karata. Wengi hupita bila kuitupia jicho. Lakini ndani ya nukta hiyo mna historia ndefu ya mkono, wino na mtu mmoja mwenye subira.

Mwanzoni mwa karne ya 20, kuta za stesheni hizo zilijaa matangazo ya biashara ya kila aina. Abiria aliyechungulia dirishani treni ikisimama alipata kazi kulisaka jina la kituo katikati ya msongamano ule. Frank Pick, aliyejiunga na kampuni ya reli mwaka 1906 na miaka miwili baadaye akakabidhiwa shughuli za matangazo, aliona usumbufu huo akaanza kuutatua. Matangazo yakatengewa sehemu zake, na jina la kituo likawekwa kwenye mstari wa buluu unaokatiza duara jekundu.

Zikabaki herufi zenyewe. Wachapaji walitumia zile walizokuwa nazo, kwa hiyo ilani ya kampuni haikutofautiana na tangazo la muuza bidhaa. Pick alitaka herufi za kampuni peke yake, zinazosomeka upesi na zinazoendana na zama zake.

Mwaka 1913, mchapaji Gerard Meynell alimkutanisha Pick na Edward Johnston. Huyu alizaliwa Uruguay mwaka 1872, akasomea udaktari Edinburgh na kuuacha njiani. Msanifu majengo W. R. Lethaby ndiye aliyemshauri aende British Museum kuichunguza miswada ya kale. Johnston aliikodolea macho mpaka akaing'amua siri yake, nayo ilikuwa katika zana: kalamu yenye ncha bapa. Ukiishika mshazari bila kuigeuzageuza, mistari ya upande mmoja hunenepa na ya upande wa pili hukonda, hata kama mkono haukazi wala haulegezi. Waliosoma chuo cha Kurani na kuandika kwa kalamu ya mwanzi hawahitaji kuelezwa. Wanakili wa misahafu wa mji wa Siyu, pwani ya Kenya, waliifuata kanuni hiyohiyo. Johnston alianza kuifundisha London mwaka 1899, na mwaka 1906 akaiandikia kitabu.

Mtu huyu wa kalamu za unyoya na kurasa za ngozi ndiye aliyepewa kazi ya treni za umeme. Herufi zilizotakiwa zilikuwa kavu: unene mmoja kila mahali, bila vijikia kwenye ncha. Johnston alirudi kwenye vipimo vya herufi kubwa za Kirumi, zile zilizochongwa kwenye mawe. "O" akaifanya duara kamili. Kimo cha herufi kubwa akakiweka mara saba ya unene wa mstari wake. "L" ndogo akaipinda mkia, isije ikadhaniwa "I" kubwa. Na nukta akaiacha kama inavyojichora yenyewe kalamu bapa inapogusa karatasi mara moja kwa mshazari.

Herufi hizo zilianza kazi mwaka 1916. Za mabango makubwa zilichongwa kwa mbao. Zilikuwa mali ya kampuni, hivyo hazikuuzwa ovyo. Eric Gill, mwanafunzi wa Johnston aliyemsaidia mwanzoni, alikuja kutoa herufi zake za Gill Sans mwaka 1928, na mwanafunzi akavuma kuliko mwalimu.

Kufikia miaka ya 1970, herufi za Johnston zilikuwa hatarini. Unene wake ulikuwa wa aina chache, na mitambo mipya ya uchapaji haikuzikubali vizuri. Mwaka 1979 Mjapani Eiichi Kono alizichora upya, akaongeza aina za unene bila kuua sura yake. Mwaka 2016, zilipotimiza miaka 100, kampuni ya Monotype ikazitengeneza tena kwa ajili ya simu na kompyuta, pamoja na alama za # na @ zilizoshughulikiwa kwa makini kwa mara ya kwanza.

Leo kompyuta ya kawaida ina mamia ya aina za herufi, na mbunifu hupoteza asubuhi nzima akichagua ipi inapendeza. Pick aliuliza kwanza abiria anahangaika wapi. Johnston aliuliza kalamu inafanya nini. Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yaliyodumu karne nzima.

Swali la Johnston halihitaji programu ya bei ghali. Funga penseli mbili pamoja kwa uzi, ncha zilingane, uzishike mshazari, kisha uandike "O". Utaona mwenyewe inaponenepa na inapokonda, na kwa nini.