Tumbo la Gari: Mafundi Bodi wa Tunduma

Gari la zamani haliozi mahali unapoliona. Linaoza chini, kwenye sakafu, kwenye vizingiti vya milango, kwenye pembe za chasisi ambako tope jekundu la Mbozi hujishindilia mvua za Novemba na kubaki na unyevu hadi Aprili. Ndiyo maana kwangu mimi historia ya ufundi bodi hapa Tunduma ni historia ya watu waliotafuta namna ya kulifikia tumbo la gari.

Mzee aliyenifundisha kazi alianza enzi za mapipa. Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru kule Rhodesia, na Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta yake kupitia huko, ikabanwa koo. Mafuta yakaanza kutoka Dar es Salaam kwa mapipa juu ya malori, barabara ya vumbi na utelezi hadi mpakani kwetu na kuendelea. Madereva waliokuwa wakiiita Njia ya Jehanamu hawakutia chumvi. Mwaka 1966 serikali mbili zikaunda kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, yenye malori ya Fiat kutoka Italia. Malori yalipasuka chasisi, yakapinda vibanda, yakapinduka. Palipo na ajali pana fundi, na mji wetu ukapata mafundi.

Bomba la TAZAMA lilipofika Ndola mwaka 1968, mapipa yakapungukiwa na kazi. Mzee aliniambia kwamba kwao hayo ndiyo yalikuwa bati. Pipa la lita 200 lilijazwa maji kwanza ili mvuke wa petroli utoke wote, kisha likapasuliwa kwa patasi, likalazwa na kunyooshwa kwa nyundo juu ya kipande cha reli. Likawa sakafu ya gari. Unene wake unakaribia milimita moja, na kwa sakafu unatosha kabisa.

Magari yaliyowafunza zaidi yalikuwa Land Rover za misheni na za wakulima wa kahawa. Gari hilo lilizaliwa Uingereza mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita, kwa hiyo bodi yake ikatengenezwa kwa alumini. Alumini haishiki kutu kama chuma; inaliwa pale tu inapogusana na chuma penye unyevu. Kinachooza ni chasisi. Na kwa kuwa bodi imefungwa kwa bolti, mnaivua kipande kipande, mnabaki na chasisi tupu ambayo vijana wanaweza kuipindua juu ya matairi chakavu. Hakuna mtambo wa kugeuzia bodi uliohitajika, na nadhani ndiyo sababu mtambo huo ulichelewa kufika kwetu.

Peugeot 404 ilikuwa habari nyingine. Ndiyo iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na kila mwenye uwezo aliitaka. Lakini saluni ile haina chasisi ya peke yake. Sakafu, vizingiti na paa ndivyo vinavyobebana. Wazee waliilaza ubavu juu ya matairi, wakakata kizingiti kilichooza, na uzito wote ukaelemea upande mmoja. Wakishaisimamisha, mlango haufungi. Bodi imeshapinda, na hakuna pati wala msasa utakaoinyoosha.

Siku hizi tunafanya hivi. Kabla ya kukata chochote tunachomelea vyuma vya kushikilia ndani ya nafasi za milango. Injini, ekseli, viti na vioo vinatoka. Kisha bodi inafungwa mbele na nyuma, kwenye matundu ya bampa, kati ya nguzo mbili za bomba nzito, kila moja na mhimili wake, ikageuzwa kama mbuzi mzima juu ya makaa. Ugumu uko kwenye mizani. Mhimili ukikaa chini ya kitovu cha uzito, bodi inajipindua yenyewe na inaweza kumvunja mtu mkono. Ukikaa juu mno, kuigeuza ni mieleka. Ukiupata urefu wake, mtu mmoja anaigeuza kwa mkono, nayo inatulia popote anapoiacha. Fundi anachomelea akiwa wima, anaona mshono wake, na cheche hazimwangukii shingoni kama zilivyowaangukia wazee waliolala chali juu ya maboksi.

Januari 2016 kiwanda cha Solihull kilifunga uzalishaji wa Land Rover ya umbo lile la kale. Mwezi huohuo mkoa wetu wa Songwe ulizaliwa, ukimegwa kutoka Mbeya. Gari nyingi za enzi za wazee zilikwisha kwenda kwenye mizani ya chuma chakavu, na naliona hilo kuwa hasara ya mkoa mzima, kwa sababu ndani ya kila bodi mna kazi ya mkono ambayo haikuandikwa popote.

Sasa hivi kwenye mtambo wetu, gereji ya Mpemba, kuna 404. Tulipokwangua lami ya sakafuni, chini ya kiti cha dereva kikajitokeza kiraka chenye ule mgongo wa mviringo wa pipa, nyundo haikuumaliza. Kimechomelewa kwa gesi, mshono umenyooka, kizima. Mwenye gari alitaka kikatwe tuweke bati jipya. Nimemsihi tukiache. Amekubali, kwa sharti kipakwe dawa ya kutu pande zote mbili.